Saa Moja kwa Ndege

Mjukuu wangu Neema,

Hatujambo, na goti la babu yako limepata nafuu. Unaniuliza kama ukubali kazi kijiji kingine huko kaskazini mwa Kanada, saa moja kwa ndege kutoka kwa rafiki zako.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikwenda Guangzhou kununua nguo. Nilipiga simu nyumbani kutoka kibanda cha Xiaobei, nikaambiwa mama amefariki. Ndege ilikuwa ya wiki iliyofuata, mazishi sikuyawahi. Mwenye kibanda, mwanamke wa Kichina, alifunga mlango, akanishika mkono nikalia mpaka nikatulia.

“Chi,” akasema, yaani kula, akanisogezea bakuli la uji. Nikala.

Saa moja isikutishe. Nenda, na siku ya kwanza ubishe hodi kwa jirani.

Akupendaye,
Bibi