Joto Limefika?

Jumatatu, 6 Mei 1963

Nguo za Idi zimeanza kurudi. Kanzu zenye madoa ya mchuzi, mashuka ya wageni, nguo za watoto zilizonata halua. Mvua haijakatika hapa Likoni tangu alfajiri. Nimejaza mashine ya kukaushia mara mbili. Mara ya pili nguo zimetoka mbichi vilevile, tena baridi. Pipa lazunguka, mlio ni uleule, taa nyekundu yawaka. Joto hakuna.

Bi Zuhura ameweka pasi yake ya mkaa chini, akatia mkono ndani, akasema, "Hii imekufa huku yatembea." Nimecheka. Kisha nikakumbuka kwamba bila ya mashine Bwana Karama, mwenye duka hili la dobi, hana haja nami. Bi Zuhura apiga pasi, mimi nakausha. Ndiyo kazi yangu tangu Bwana Karama alipoinunua kwenye ile hoteli ya Wazungu iliyofungwa.

Chumba kimepoa. Sikupenda.

Jumanne, 7 Mei

Bwana Karama amekuja na mwavuli, ameipiga mashine kofi la ubavuni, haikujali. Ataita fundi. Ni fundi wa umeme wa bandarini, jina lake Kombo, akaa ng'ambo, Kongowea kwa dada yake, na hufanya kazi za watu baada ya saa zake. Ikishindikana mpaka mwisho wa mwezi, mashine itauzwa na sisi tutarudi kwenye kamba na jua. "Jua la masika?" Bi Zuhura amemuuliza. Amejifanya hakusikia.

Mchana nimeketi mbele ya kioo cha mashine. Naizungusha hivyo hivyo, nguo zipate japo upepo. Mikono ya kanzu hukumbatiana, huachana, hukumbatiana tena. Naweza kutazama hivyo mpaka adhana. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nimezaliwa nusu nimelala. Mwaka wa tatu huu tangu afe, na nusu iliyobaki macho imepungua zaidi. Sijali. Humu ndani ndimo ninamopumzika.

Alhamisi, 9 Mei

Fundi amekuja. Mrefu, kimya. Suruali ya kazi, lakini imepigwa pasi. Bi Zuhura hakumngoja hata aweke mkoba chini. "Nani akupigia pasi?" "Mwenyewe, mama. Mke wangu alitangulia mbele ya haki." Bi Zuhura akanitupia jicho. Nikageukia kikapu.

Amefungua mgongo wa mashine, akaniita nione. Koili ya joto ni waya mwembamba uliojisokota, umekatika mahali pamoja tu. "Ni hapa," akasema. Ana sauti ya chini, ya mtu anayemsomea mgonjwa. Ataleta mpya.

Nimeitazama ile sehemu iliyokatika mpaka Bi Zuhura akaniuliza kama nimeanza kuipenda.

Jumatatu, 13 Mei

Koili mpya imetiwa. Leo nimejua kitu kuhusu bomba.

Nyuma ya mashine kuna bomba linalopita ukutani mpaka uani, ndilo linalotoa hewa ya moto nje. Fundi alitaka mtu asimame uani na kuweka mkono kwenye mdomo wake. Bi Zuhura ana magoti mabovu, nikaenda mimi. Mlango wetu ni wa barabarani, kufika uani lazima uzunguke nyumba yote, mvuani, leso kichwani. Kwa hiyo hatuwezi kuulizana kwa kwenda na kurudi. Lakini bomba lina kifuniko kule ndani. Yeye huwasha mashine, hungoja, huzima, kisha hufungua kifuniko na kusema humo.

Sauti yake ilinitokea shavuni. "Bi Mwanaisha. Joto limefika?"

Nimeshtuka. Jina langu halijatajwa karibu namna hiyo kwa miaka. Nilisikia hata pumzi aliyoivuta kabla ya kunena. Nikainama. "Bado!"

Akawasha tena. "Joto limefika?" "Bado."

Asema ndani joto huja kidogo, kisha hukatika. Hajui kwa nini. Atarudi Alhamisi. Nimefurahi kwamba hajui. Haya ni maneno ya mtu mbaya, lakini ndiyo ya kweli.

Alhamisi, 16 Mei

Amebadilisha swichi ya joto. Ni yaleyale, huja, hukatika.

Chumbani haniambii kitu. Anitazama mikono tu ninapokunja mashuka. Bombani ndiko anakozungumza. Ameniuliza kama mvua yaninyea. Nikasema kidogo. Akasema kwa dada yake paa lavuja juu ya kitanda chake na amehamisha kitanda, sasa lavuja juu ya redio. Nimecheka peke yangu uani, jirani akachungulia. Fundi akasema usiku aota winchi za bandarini. Nikamwambia mimi naota nguo. "Za nani?" Nikasema sijui, zaelea tu, hazina watu ndani. "Basi watu wazivae," akasema.

Leo sauti yake imekuja nzito, kama mtu aliyejifunika blanketi. Mvua hiyo.

Jumamosi, 18 Mei

Mtaani hakuna habari ila kura. Nani atashika nini, pwani itakwenda na nani. Watu wamesimama na miavuli wakibishana. Mimi nawaza bomba.

Namtaka. Nimeandika, basi.

Kwetu mwanamke hasemi. Hungoja wazee wa upande wa pili waje kwa kaka yake, wanywe kahawa, wazunguke zunguke, waseme. Sasa atatuma vipi wazee ikiwa mashine itapona kabla hajathubutu? Naiombea mashine iendelee kuugua, nami najua ikiendelea kuugua itauzwa na nitatoka kazini. Akili yangu haina adabu.

Jumatatu, 20 Mei

Siku mbaya, na sijui ubaya wake uko wapi.

Amekuja, ameangalia nyaya zote, fyuzi zote. Mimi nikaenda uani. Mvua ilipiga mabati kwa hasira. Mashine ikawaka, ikazimwa. Nikaweka sikio. Nilisikia mvumo tu, mrefu kidogo kuliko siku zote. Mkono wangu ulikuwa baridi. Nikajibu kama kawaida: "Bado!"

Mashine haikuwashwa tena. Nikafikiri hakunisikia. Nikapaza sauti, "Bado! Bado kabisa!"

Niliporudi ndani alikuwa anafunga mkoba. "Haya, Bi Mwanaisha. Nimefahamu." Hakusema atarudi lini. Alisahau hata kumuaga Bi Zuhura, mtu mwenye adabu kama yule.

Bi Zuhura hakuniangalia mpaka tunafunga.

Jumatano, 22 Mei

Bi Zuhura amenuna. Shikamoo yangu ameijibu kwa nusu mdomo. Mahamri amekula peke yake, ameugeukia ukuta. Nimemuuliza kama magoti yamuuma. "Hayo magoti yangu yana nafuu," akasema, akaendelea kupiga pasi.

Alhamisi, 23 Mei

Ni siku yake. Nimevaa leso mpya. Hakuja.

Nguo zimetandazwa kila mahali, juu ya viti, juu ya meza, juu ya mashine yenyewe. Chumba chanuka uvundo. Mteja amerudisha kanzu, asema yanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Ni kweli.

Jumamosi, 25 Mei

Bwana Karama ameleta mtu kuitazama mashine. Mtu mnene, amechungulia ndani ya kioo changu, akagonga kwa pete. Ataichukua Ijumaa ijayo kwa ajili ya vyuma vyake. Nimeuliza habari ya fundi, nikijitia sina haja. Bwana Karama akasema alipeleka mtu bandarini. Fundi amejibu kazi ile imemshinda.

Imemshinda. Na mimi je?

Jumatatu, 27 Mei

Asubuhi nimeshindwa. Nimemwambia Bi Zuhura, "Nimekukosea nini?"

Ameweka pasi kwa kishindo, makaa yakaruka. "Wewe! Mtoto wa watu amejikaza, amejikaza, mwisho amekuuliza kwa adabu yake yote. Nawe wampigia ukelele 'bado kabisa' uani, mtaa mzima usikie!"

"Aliniuliza nini?"

"Usinifanye mtoto, Mwanaisha. Nilikuwa papa hapa. Alipiga magoti pale akasema bombani, 'Bi Mwanaisha, nataka kutuma wazee kwa kaka yako. Wakati umefika?' Mimi nikaziba mdomo kwa leso kwa furaha. Nawe: bado!"

Nimekaa juu ya kikapu cha nguo mbichi. Maji yamenipenya mpaka kwenye ngozi.

"Wallahi, Bi Zuhura, sikusikia. Nilidhani auliza joto."

Amenitazama. Kisha amecheka mpaka akashika meza, machozi yakamtoka. Mimi pia yalinitoka, lakini sikuwa nacheka. Mara mbili nilisema. Na la pili nililipazia sauti.

Jumanne, 28 Mei

Nimeamka na jambo moja. Siku ya kwanza nilisikia hata pumzi yake. Siku ya pili sauti ilikuwa nzito. Siku ya tatu mvumo. Mvua ilikuwako siku zote tatu. Bomba lisilopitisha sauti litapitishaje joto? Lisipopata pa kutokea, swichi si ndiyo hulikata?

Nimechukua ufito, nimefunga kulabu ya waya nchani, nimekwenda uani na kuutia bombani. Ukaingia, ukafika kwenye kona, ukagota kwenye kitu laini. Nikavuta.

Yametoka manyoya ya nguo. Marefu, yamelowa, yamevimba, yameshikana kama sufi ya godoro kuukuu. Nikavuta tena yakaja mengine. Likoni yote ilikuwa humo: weupe wa kanzu, kaki ya watu wa bandarini, waridi ya shuka la bibi harusi wa mwaka jana. Na uzi wa buluu. Naujua. Ni wa kikoi cha marehemu, nilikikausha hapa mara ya mwisho kabla ya kumpa kaka yangu. Nimekaa kwenye kizingiti cha uani na yale manyoya mapajani, mvua ikinyesha, sijui muda gani. Niliushika ule uzi. Halafu niliurudisha kwenye manyoya mengine, nikayatupa yote jaani.

Nikaenda kuwasha. Joto likaja. Nikangoja likatike. Halikukatika. Nguo zikaanza kupanda na kushuka nyepesi, kama zamani, kioo kikashika umande kisha kikakauka. Bi Zuhura akapiga kigelegele. Bwana Karama alipokuja nilimpa shuka ashike, akalishika kifuani, mzee wa watu, akafumba macho. Mtu mwenye pete ataambiwa atafute vyuma kwingine.

Kazi yangu imepona. Nimeweka uso ndani ya shuka la moto na nikalia humo humo. Sasa hakuna tena sababu ya kumwita fundi.

Jumatano, 29 Mei

Bi Zuhura kesho avuka feri, aenda Kongowea kwa dada yake fundi. Nimemkataza. Nimemwambia nitaonekana nimejipeleka mwenyewe, kaka yangu atasema nini.

"Kwani mimi naenda kuposa?" amesema. "Napeleka habari ya mashine. Fundi hana haki ya kujua mgonjwa wake amepona?"

"Na magoti yako?"

"Magoti yangu yataka kutembea."

Ijumaa, 31 Mei

Amerudi jana jioni, leo amenieleza kwa kunibania, apate kuniona nikiteseka. Amemwambia dada mtu kwamba bomba liliziba, kwamba kule uani hakusikiki neno, na mtu aweza kujibu asichoulizwa. Basi.

"Akasema nini?"

"Kanipa chai."

"Halafu?"

"Chai ya tangawizi, nzuri."

Nimekausha vikapu vyote vilivyolala. Uvundo umekwisha. Chumba kina joto lake la zamani, nami nimesinzia mbele ya kioo, nikaona nguo zikizunguka, na safari hii zina watu ndani.

Jumamosi, 1 Juni

Leo ni madaraka, nchi yaanza kujitawala. Watu wamevuka ng'ambo kwenda kushangilia, barabara ni tupu, Bwana Karama amefungua mlango ubavu mmoja tu. Mvua imekatika. Tulikuwa wawili, Bi Zuhura na pasi yake na mimi na mashuka.

Akaja. Kanzu, kofia. Hana mkoba. Alimwamkia Bi Zuhura, akaniuliza hali, nikasema njema. Akasema amekuja kuipima mashine, na mkononi hana hata bisibisi. Bi Zuhura aliinamia pasi kwa bidii.

Sikungoja kuambiwa. Nilizunguka nyumba polepole. Uani palikuwa na jua kidogo, na kuku wa jirani akijipukuta. Nikaweka mkono kwenye mdomo wa bomba.

Sikusikia mashine ikiwashwa. Nilisikia kifuniko kikifunguliwa, kisha pumzi, wazi kabisa.

"Bi Mwanaisha. Joto limefika?"

Bomba lilikuwa baridi. Niliinama mpaka mdomo ukaligusa.

"Limefika," nikasema.

Kisha nikasubiri uani kidogo, maana sikujua nitaingiaje ndani na uso huu.