Mtoto Kwenye Kapu la Nguo

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi huku wazima. Mtoto amejaa mashavu, na wote wanasema amefanana na wewe, hasa akinuna.

Nimerudi kibandani kushona. Baba mtoto alisema cherehani itanichangamsha. Mtoto namlaza kwenye kapu la nguo zilizokwisha kushonwa, zile zinazosubiri wenyewe. Lakini mikono imegoma, dada. Juzi nimemshonea mteja gauni lenye mikono yote miwili ya kushoto, mimi uliyenifundisha kazi mwenyewe! Nalala nimechoka, naamka nimechoka. Mtoto akilia, nasikia kama analia wa jirani. Mama mkwe anasema uzazi wa kwanza ndivyo ulivyo, ninywe uji, nitazoea. Uji nakunywa.

Bila shaka kichekesho changu kimekufikia. Wiki iliyopita nilifunga kibanda mchana nikaenda nyumbani kula, mtoto nikamwacha mle kapuni. Muuza mkaa wa jirani ndiye aliyemsikia, akaja mbio kuniita. Mtaa mzima ulicheka. Sasa jina langu ni Mama Sahau. Baba mtoto anawaambia wageni kwamba nimebakiza kumsahau yeye tu, nami nacheka nao huku nawamiminia chai.

Dada, sikusahau.

Nilipotia kufuli alikuwa analia, na nilimsikia vizuri kabisa. Nikatia ufunguo mfukoni nikaenda zangu. Njiani nikawaza kwamba kila nguo ya kapuni huja ikachukuliwa na mwenyewe, basi na huyu naye atampata mwenyewe. Nilipoitwa kwamba amepatikana, sikufurahi. Hilo ndilo linalonitisha. Naogopa siku nyingine nitakwenda mbali, nisikoweza kuitwa.

Sijamwambia mtu. Nitasemaje, na kila mtu ameshacheka? Njoo, dada. Usilete nguo za mtoto, zimejaa tele. Njoo unishike mkono unipeleke kwa mkunga, na nikishindwa kusema, unisemee wewe.

Wasalimie wote nyumbani. Ufunguo wa kibanda nimempa muuza mkaa akae nao, awe anafunga yeye. Nilimwambia naogopa kuusahau, akacheka sana.

Mimi mdogo wako,
Mama Sahau