Kifungo cha Chumvi

Jumanne, Lizaboni

Nimechoka hata viatu sijavua. Leo, nikifundisha kidato cha pili, nguvu inayoshikilia chembe za chumvi niliiita "kifungo". Zuhura wa dawati la mbele akadakia, "Madam, kifungo cha miaka mingapi?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka.

Nikawaeleza kwamba sodiamu inatoa elektroni, klorini inapokea, ndipo zinashikana.

Jioni mchumba wangu akapiga simu kutoka Mbesa. Bado anataka niache kazi nimfuate huko.

"Mimi natoa kazi," nikamwambia. "Wewe unatoa nini?"

"Mimi si nitakupokea stendi, mpenzi?"

Hakuwa anatania. Nampenda, na kumkosa kunanitisha.

Nimemwambia asije stendi.