Mate Yangu na Maziwa ya Mzee Jilala

Jumatano, 2 Julai 2025

Majibu yamekuja! Yale mate niliyotema kwenye kichupa Krismasi, dada Apolonia akaenda nayo Kanada — kampuni ya kupima vinasaba imeyasoma. Kanitumia ripoti kwenye simu, kwa Kiswahili kabisa. Nimeisomea hapahapa dukani, mteja kaniita weee, sikusikia. Eti nikitoka kivulini kwenda juani napiga chafya. Yesu! Nani kawaambia? Eti ncha za chini za masikio yangu zimeshikana na shavu. Nikakimbilia kioo. Zimeshikana! Mate tu, jamani. Mate!

Halafu hili: huenda tumbo langu halipatani na maziwa. Nimelia palepale.

Alhamisi, 3 Julai

Maana tangu Pasaka naitwa mwenye dharau. Nilikwenda Dutwa kutambulishwa kwa kina Mahona, mchumba wangu. Nikapewa maziwa ya moto kutoka zizini. Mafunda mawili — nikakimbilia nyuma ya nyumba kutapika. Mzee Jilala, baba yake, akasema anayekataa maziwa ya zizi lake, ng'ombe wake hawatatoka kwa ajili yake. Yaani hakuna mahari, hakuna ndoa.

Mahona anasema Jumamosi twende tena, nijikaze tu. Nijikaze! Tumbo la kwake?

Jumamosi, 5 Julai. Dutwa

Nimepiga magoti, nimesalimia "mwadila" vizuri. Mzee na Mahona wakaenda zizini. Mama mkwe akaniwekea kikombe cha bati, povu bado juu, akakaa kunitazama. Nikatoa simu nikamsomea yote — chafya, masikio, maziwa. Nikajua atanicheka.

Hakucheka. Kafunga mlango. Kaniuliza polepole: huo ni ugonjwa au ni uchawi? Nikamwambia wala, mayu — ndivyo wanavyoita mama huku — ni maumbile, tumezaliwa wengi hivi.

Akakaa chini puu! Kasema tangu aolewe anakunywa maziwa mbele ya mumewe, akimaliza anakwenda kutapika kwenye ua wa minyaa. Watoto saba kazaa, wajukuu kapata, hakuna anayejua! Mungu wangu. Mate yangu ndiyo yamemfungua ulimi!

Kabeba kikombe, katoka nacho uani. Naandika haraka, nimejibanza dirishani. Mzee karudi na Mahona. Anauliza, mkwe kamaliza?

Mayu anamjibu: hajanywa. Na mimi sinywi tena.

Nasikia ng'ombe tu. Mzee kakipokea kikombe, anamtazama mkewe, anakinywa chote mwenyewe, anamwambia Mahona: kawahesabu ng'ombe wa mahari.