Wasifu Uliobaki Kwenye Kompyuta ya Editha

Dada Editha,

Shikamoo. Nimeandika hivyo hivyo tu, maana mkono ulikataa kuanza kwa namna nyingine. Marahaba yako nitaisikia mwenyewe kichwani.

Mimi mzima, alhamdulillahi. Nimekaa mezani kwangu hapa Igogo, nimeshafagia, nimeshaanika nguo, na barua hii naichapa kwenye kompyuta yako. Ndiyo, mimi. Zuhura wa darasa la saba, niliyekuwa nakuletea chai huku unanipigia kelele, "Weka mbali, weka mbali, hiyo mashine haijui kunywa!" Nachapa kwa vidole viwili. Herufi ya F huwa inanikimbia. Lakini nachapa.

Nianzie msibani kwako, maana shida ilianzia huko. Wewe ndiye uliyekuwa ukiandika wasifu wa marehemu wote wa mtaa huu. Turubai likiwa bado halijafungwa, mtu alishatumwa kwako na karatasi ya majina na tarehe. Hata sisi Waislamu, ambao zamani hatukuwa na desturi hiyo, tulikuja kuipenda. Wasifu wa mume wangu ulinisomea kwanza mimi, jikoni, ukaniuliza kama umekosea popote. Nikakwambia hujakosea, isipokuwa umemsifia mno.

Sasa siku yako ilipofika hakukuwa na wa kuandika. Kaka yako Elisha alishuka kwenye basi kutoka Kagera, macho mekundu, akaandika mwenyewe akiwa ameegemeza bahasha kwenye goti. Akasoma mbele ya watu wote, "Marehemu hakujaliwa kupata mtoto." Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake. Nikamkamata jirani mkono kwa nguvu mpaka akaniuliza, "Vipi wewe?" Ningesemaje pale, mbele ya jeneza, mimi si ndugu wala si wa kanisa lenu? Lakini ni mimi uliyenionyesha lile shuka dogo la njano. Ni mimi uliyenitajia jina la mwanao, Kokushubila, na miezi yake minne. Nililimeza, nikarudi nalo nyumbani.

Kilichonipa nguvu ni yale maneno yako ya hospitali. "Wangu nimeshauandika, Zuhura. Umo kwenye mashine. Mashine uchukue wewe." Ndugu zako walikuwepo, walisikia, na siku ya kugawa vitu vyako hawakunibishia.

Nikaiweka mezani, nikaifunika kitambaa. Ilikaa hivyo muda mrefu, nikiiogopa kama mgeni asiyesema. Halafu Elisha akapiga simu kwamba familia itaweka msalaba kaburini kwako, huko kwenu Kagera, kiangazi hiki, na kwenye ibada wasifu utasomwa tena, ule ule wa kwenye bahasha. Nikasema moyoni, hapana. Wa kwako mwenyewe upo. Nikafunua kitambaa, nikasoma bismillahi, nikawasha.

Faili nililiona, limeandikwa EDITHA. Nikalibonyeza. Likaja dirisha lenye maandishi mekundu, Kiingereza kitupu, na katika yote nikaelewa neno moja tu, leseni. Likakataa kufunguka.

Nikaibeba mashine hadi steshenari moja kule mjini. Fundi akaitazama mara moja tu. "Mama, hii ni dakika tano. Natoa hii programu, nakuwekea nyingine kama hii hii, yenyewe imeshavunjwa kufuli, haitakusumbua."

"Kufuli ya nani?"

"Ya wenyewe huko Ulaya. Hata hawakujui!"

Mwenzake akadakia, "Huyu mama usipoangalia atataka na barua ya mjumbe." Wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, maana walikuwa na haki ya kunicheka. Ila yule wa kwanza akaongeza jambo lililoniondolea kicheko. Alisema hata hii iliyokuwemo ilikuwa ya kuvunjwa, ndiyo maana imekufa.

Dada, ulijua? Nakuuliza kwa upole tu. Wewe uliyewahi kurudi sokoni na jua la saa saba kwa sababu muuza dagaa alikuzidishia fungu. Nadhani hukujua. Nadhani ulinunua mashine ikiwa na kila kitu ndani, ukaamini, kama tunavyoamini sote. Wasifu wa wafu wetu wote hawa, kumbe uliandikwa kwenye kitu cha watu. Nimeliwaza sana hilo, wala sikukuhukumu hata mara moja. Ila niliifunga mashine nikarudi nayo nyumbani, maana nilishajua, na anayejua haulizwi sawa na asiyejua. Maneno yako ya mwisho nisingeyafungua kwa mlango wa kuvunja.

Jumamosi yake akaja Mwalimu Kabula. Unamkumbuka, binti wa jirani yetu, yule anayefundisha kompyuta sekondari kule Sengerema, ambaye wasifu wa baba yake uliuandika wewe. Huvuka na kivuko kila Jumamosi kumwangalia mama yake. Nikamweleza yote. Nilidhani ataanza kubonyeza. Badala yake akavuta kigoda akaniuliza, "Mama Zuhura, huo wasifu utasomwa na nani, na kwenye mashine ya aina gani?"

Swali hilo mimi sikuwa nimejiuliza kabisa. Nilifikiri programu ni kama viatu, unachagua inayokutosha wewe. Kumbe! Tukahesabu. Mashine yako ina mfumo wake. Elisha anatumia ile ya rangi ya fedha aliyotumiwa na mwanawe, ina mfumo mwingine kabisa. Ya Mwalimu mwenyewe ina mfumo wa tatu, alioupata bure. Akasema, "Basi tutafute programu inayokaa kwenye zote tatu na kusomeka sawasawa. Tukichagua ya kwako peke yako, kaka yake ataletewa vijisanduku vitupu badala ya herufi."

Akanionyesha mbili. Zote hazidai malipo. Ya kwanza nzuri ya kutazama, rangi zimepangwa, lakini lazima uwe na bando muda wote, lazima ujiandikishe na namba ya simu, na unachokiandika kinakaa kwao, mbali huko, si kwako. Ya pili ya kawaida tu, kama khanga ya kushindia jikoni. Unaipakua mara moja, inakaa kwenye mashine yako, haikuulizi jina wala ukoo. Nikashangaa kwamba bure nayo ina aina zake. Hiyo ya pili wanaiita programu huria. Mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kumpa jirani, hata kuifungua tumbo aone ilivyotengenezwa.

Nilimchosha Mwalimu wa watu kwa maswali. Nani anaitengeneza? Akasema watu wengi, nchi nyingi, wengine wanalipwa na wengine wanajitolea, kila mmoja anaongeza kipande. Wanajuana? Wengine hawajawahi kuonana. Wananijua mimi? "Hawakujui, mama." Nikakumbuka yule fundi alisema maneno hayo hayo, hawakujui, akimaanisha hakuna wa kunikamata. Hawa hawanijui, na wameniachia mlango wazi. Kwetu tungeiita wakfu. Mtu anachimba kisima, anaondoka zake, anayekuja na ndoo anachota. Nikauliza kama huwa wanaombewa dua. Mwalimu akacheka mpaka akashika ubavu. "Hilo, mama, hakuna aliyewahi kuniuliza darasani." Basi mimi nawaombea. Halinigharimu kitu.

Nikachagua ya pili. Ungeona nilivyojisikia mkubwa nikisema, "Hiyo hapo." Tena ina Kiswahili ndani yake! Kingine cha ajabu kidogo, kuna mahali nasoma mara tatu ndiyo nielewe, lakini ni Kiswahili.

Halafu tukabonyeza EDITHA.

Ukafunguka.

Kuzaliwa kwako, ubatizo, shule, miaka ya kupiga chapa ofisini. Na mstari huu, nauandika kama ulivyouandika: "Alijaliwa mtoto mmoja wa kike, Kokushubila, aliyeishi miezi minne na kupendwa siku zake zote." Nikamwomba Mwalimu asinisomee, nisome mwenyewe kwa kidole. Nikausoma tena. Nikashukuru.

Nikateremka chini. Pameandikwa: "Marehemu alikuwa mwadhini msaidizi wa msikiti wetu kwa miaka mingi, na sauti yake ilikuwa ikiamsha mtaa mzima."

Editha! Mlutheri wewe!

Mwadhini alikuwa mume wangu. Mwalimu ndiye aliyegundua. Kumbe kila ulipoanza wasifu mpya hukuanza na ukurasa mtupu. Ulichukua wa marehemu aliyetangulia, ukafuta jina, ukabadilisha mstari kwa mstari kutoka juu. Wako uliuanzia kwenye wa mume wangu. Ulifika nusu, ukaugua. Kwa hiyo juu ni wewe, na chini ni yeye, na mwisho kabisa pamebaki, "Ameacha mjane, Zuhura." Nimecheka siku hiyo, Dada, kicheko chenye kwikwi, mpaka mama yake Mwalimu akaja kuchungulia. Nyinyi wawili mlikuwa mkibishana hata bei ya mkaa, na sasa mmelala kwenye karatasi moja.

Sikufuta kitu. Nilimpigia Elisha kwanza, maana wewe ni damu yake. Nikamwambia wasifu upo, nautuma, lakini aweke programu hii kwanza. Akanijia juu! "Dada Zuhura, mimi nimekaa ofisini miaka yote hiyo, kitu cha bure kabisa mimi sijakiona. Hao wanatafuta virusi vyao viingie kwangu." Nikamwambia nami niliogopa hivyo hivyo, lakini Mwalimu kanipeleka kwenye mlango wa wenyewe hasa, si kwa kuokota njiani. Akakubali. Tukaanza, yeye Kagera mimi Igogo, simu sikioni. "Bonyeza palipoandikwa pakua." "Nimebonyeza, limekuja gari linauzwa." "Hilo tangazo, kaka yangu, rudi." Mara tatu akanunua gari yule mzee, kabla hajafika panapotakiwa. Mimi namwelekeza msomi! Ungekuwepo ungejificha mlangoni ucheke.

Ukafunguka na kwake. Herufi zote zimekaa, mistari yote mahali pake.

Nikasikia anasoma chini kwa chini, mpaka kwenye jina la mtoto. Halafu akasema, "Nilifikiri namsitiri."

Hakuwa amesahau, Dada. Alijua. Alikuwa amebeba jina hilo miaka yote akidhani wewe hutaki lisemwe, kama mimi nilivyolibeba nikidhani si langu kulisema. Tumekuwa watu wawili tunakufichia kitu ambacho wewe mwenyewe ulishakichapa kwa herufi nzuri. Akaniuliza kama ulikuwa ukimtaja. Nikamwambia kila mvua za vuli zikianza. Akalia, na mimi nikamwacha alie.

Ya chini, ile nusu ya mume wangu, ameniachia mimi. "Uliishi naye ukuta kwa ukuta. Maliza wewe." Nimemaliza. Nimeandika kwamba uliwaandikia watu wa mtaa huu bila kuuliza mtu anaswali wapi. Nimeandika kwamba ulipenda senene, wale panzi wa kwenu wa kukaanga, kupita kiasi na hukumgawia mtu. Nimeandika kuhusu sokoni na lile fungu la dagaa. Suala la programu sikuandika, hilo ni letu mimi na wewe. Mstari wa "Ameacha mjane" niliufuta mwisho, polepole, herufi moja moja, maana nilikuwa namfuta na yeye. Mahali pake nimeandika, "Ameacha kaka, Elisha, na rafiki, Zuhura."

Elisha ameagiza misalaba miwili, mkubwa na mdogo. Na ameomba wasifu niusome mimi. Nilimkumbusha mimi ni mtu wa hijabu, na hapo patakuwa na mchungaji na kwaya. Akasema, "Wanakujua. Njoo tu."

Basi kaa salama huko kwenye migomba yenu, Dada yangu, Mola akupe nuru hapo ulipo. Nitapanda basi nije, karatasi nimeshaikunja kwenye mkoba pamoja na miwani. Nakuahidi hili moja. Nikifika kwenye jina la mwanao sitaliharakisha. Nitalisoma kwa sauti, mpaka waliosimama nyuma kabisa walisikie.

Ni mimi mdogo wako,
Zuhura