Nilimwaga Dawa ya Paka, Wifi Yangu Akabeba Lawama

Mama Wacuka, salaam aleikum. Nakuomba unisaidie haraka, na unisamehe kama mwandiko unarukaruka, kwa sababu naandika nimesimama kwenye kaunta ya duka langu, na kila nikimaliza mistari michache nafunga mlango nakimbia nyumbani kuangalia kama paka anapumua, ni mwendo wa dakika nne, kisha narudi nakuta mteja amechoka kungoja ameenda zake.

Mimi nina miaka thelathini na moja, nauza magauni ya dira na shuka hapa Isiolo mjini. Mume wangu Galgalo ananunua ng'ombe na wiki nyingi yuko Biliqo, kwa hivyo nyumbani tuko mimi, watoto, mama yake ambaye sote tunamwita Akko, yaani nyanya, na binti yake wa mwisho, Ikra, ambaye ni wifi yangu na anasoma chuo hapa mjini. Akko ana paka dume wa miaka kumi na moja anayeitwa Dansa. Macho ya Akko yamefifia, hawezi kusoma hata saa ya ukutani, na huyo paka amekuwa akilala miguuni pake tangu mzee afariki, kwa hivyo usiniambie ni paka tu, kwa sababu hilo nimejiambia mara nyingi na halijanisaidia.

Mwezi wa pili Dansa alianza kunywa maji kama ngamia aliyetoka safari, anakojoa kila mahali, anakula kuliko zamani na bado anakonda mpaka ukimshika mgongo unahesabu mifupa. Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, Kaberia, akampima akasema ni ugonjwa wa sukari, kwamba atadungwa insulini saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni maisha yake yote, akishakula, na kwamba tumtoboe sikioni tone la damu, tumpime kwa mashine na kuandika kila kitu kwenye daftari. Akko akauliza, "Nani atamdunga?" Ikra alikuwa ameshafungua mdomo, Mama Wacuka, nilimwona, lakini mimi nikamtangulia nikasema, "Mimi." Sijui kwa nini. Nafikiri nilitaka Akko asikie sauti yangu kwanza.

Wiki ya kwanza nilifanya vizuri, yuniti moja asubuhi, moja jioni, na Akko akawa anamwambia kila mgeni kwamba mkono wa Isnino una baraka, kwamba mke wa mwanawe amemshinda binti wa tumbo lake, na Ikra yuko palepale anamimina chai. Mimi nilifurahi, sitakudanganya. Halafu asubuhi moja paka akaingia chini ya kitanda, mimi nimechelewa kufungua duka, nikamwacha, na jioni nikaandika kwenye daftari sukari kumi na saba nukta mbili, dawa yuniti moja, na hakuna aliyejua. Kesho yake ikawa rahisi zaidi. Akanikwaruza, nikaanza kuiogopa sindano, nikawa nampeleka chumbani kwangu, namshika shingo, nasema bismillahi kwa sauti ili Akko asikie, halafu nafinya dawa yote kwenye kitambaa. Kwa wiki nzima labda nilimdunga kweli mara mbili. Nambari za daftari nilitunga, nilikuwa naangalia za jana nabadilisha kidogo.

Kila baada ya majuma mawili daktari Kaberia aliangalia daftari na kumwangalia paka, akakuna kichwa akasema, "Sukari haishuki, tuongeze." Ikawa mbili, ikawa tatu, ikawa nne. Mara ya mwisho aliniuliza, "Isnino, una hakika unamdunga vizuri? Dawa haimwagiki?" Nikasema, "Nina hakika, daktari." Neno lenyewe alilitaja, kumwagika, na bado nilimkazia macho.

Mwezi uliopita niliitwa kwetu Rapsu, mamangu ameanguka shambani, nikakaa siku tatu. Ikra akachukua kazi. Yeye alisoma daftari, yuniti nne, akamdunga nne asubuhi na nne jioni, na kesho yake asubuhi nne tena, kila mara paka ameshakula, kama ilivyoandikwa. Saa tano Dansa alianza kupepesuka kama mlevi, akaanguka kando ya bakuli la maji, miguu ikawa inapiga sakafu. Ikra alimpima akakuta sukari imeshuka hadi moja nukta nane. Alimpaka asali kwenye ufizi, akamtia kwenye kapu, akapanda bodaboda hadi kwa daktari, na paka akaokolewa. Yeye ndiye aliyemwokoa.

Lakini niliporudi nilikuta uani pamejaa majirani, na Akko analia, anamwambia Ikra, "Mkono wako ni mzito! Mwenzako ameshika huyu mnyama miezi mitatu, wewe siku mbili unataka kumuua!" Ikra akasema, "Mama, nilifuata daftari. Wallahi nilifuata daftari." Akanigeukia mimi. "Isnino, waambie. Si ni nne?" Nikasema, "Ni nne." Ni hayo tu niliyosema. Ni kweli na ni uongo. Galgalo akapiga simu akasema Ikra asiguse tena dawa ndani ya nyumba hiyo, hata panadol ya watoto. Siku ya tatu Ikra alibeba nguo zake akaenda Kinna kwa shangazi yake na chuo ameacha katikati ya muhula.

Sasa daktari ameshusha hadi mbili na amesema niendelee, na mimi nikishika sindano naona ile miguu ikipiga sakafu, ingawa sikuwepo. Nimemdunga mara moja tu kwa siku tano. Ameanza tena kunywa maji mengi. Sikai, silali mchana, nikikaa kula nainuka, Akko anasema nina bidii, na Ijumaa daktari anataka daftari. Nifanye nini? Nikianza leo kumdunga sawasawa, kimyakimya, si mambo yatajinyoosha yenyewe? Paka yuko hai. Kuna haja gani ya kufukua?

Isnino (hilo si jina langu)


MAMA WACUKA ANAJIBU

Wa aleikum salaam, binti yangu. Barua yako ilinifikia Jumanne na sikungoja zamu yake gazetini. Ulikuwa umeandika nambari ya simu, nikakupigia, na nitawaeleza wasomaji tulivyozungumza kwa sababu umeniruhusu.

Nilikuuliza swali moja: "Leo asubuhi umemdunga?" Ukasema, "Mama, nilitaka." Ndipo nikakwambia uache mambo ya Ikra kwanza na umpigie daktari kabla jua halijatua. Ulitaka kuanza kimyakimya na yuniti mbili. Mbili zimetoka wapi? Zimetoka kwenye nne, na nne zimetoka kwenye nambari ulizotunga ukiwa umekaa kitandani. Daktari anayetibu kwa daftari la uongo hana tofauti na Akko asiyeona. Huo uoga wako wa sindano ninauelewa, mimi mwenyewe nilimdunga marehemu mume wangu insulini miaka sita na mara ya kwanza nililia jikoni. Kuogopa si kosa. Ungesema tu, "Siwezi," na Ikra angeinuka.

Ulimpigia Kaberia. Uliniambia alisema, "Mlete sasa hivi. Tunaanza upya na moja." Akakuonyesha kuvuta ngozi ya mabega na kuingiza sindano kwenye mkunjo, akakufanya udunge mbele yake. Vizuri.

Siku iliyofuata ulimwambia Akko. Ulitarajia akutukane. Badala yake, umeniambia, aliuliza, "Majirani walisikia nikimwambia nini Ikra?" Ukamrudia maneno yake yote. Akainuka akitafuta ukuta kwa mkono, akasema, "Nitafutie gari la Kinna. Hayo nilisema mimi, si wewe." Akaenda na macho yake hayo hayo yaliyofifia, na wewe ukabaki kwa sababu paka alipaswa kudungwa jioni. Ukamdunga.

Jumapili wamerudi wote wawili. Ikra anakujibu salamu na basi. Unaniuliza kwa ujumbe wa simu ufanye nini ili azungumze nawe kama zamani. Usifanye lolote la kumharakisha! Usimnunulie dira. Usimwambie ulikuwa na msongo wa mawazo. Umemwomba radhi faraghani, sasa bado uani. Alishtakiwa mbele ya majirani, basi waite walewale, chai iwepo, useme kwa kinywa chako kwamba Ikra hakukosea hata tone, na kwamba yeye ndiye aliyemwokoa Dansa. Galgalo umesema amekasirika. Mwache akasirike, lakini apige simu kwa dada yake yeye mwenyewe, na chuo ampeleke yeye mwenyewe akamwombee nafasi yake.

Na dawa, sikiliza, kwa sababu mnyama hangoji mkipatana. Mmoja adunge asubuhi, mwingine jioni, na aliyedunga atie alama palepale, si baadaye. Ukiwa huna hakika kama amedungwa, usimdunge tena. Kukosa mara moja hakutamuua, kudungwa mara mbili kunaweza. Lakini kukosa karibu siku tano nzima kama ulivyofanya ni hatari nyingine, anaweza kuzidiwa na sukari mpaka akatapika na kulegea. Akikataa chakula, mpigie Kaberia kabla ya sindano. Akipepesuka au kulegea, asali kidogo kwenye ufizi, mpime, umpe chakula akiweza kumeza, kisha kwa daktari mbio. Dawa ikae ndani ya friji lakini si kwenye barafu, na chupa uibiringishe viganjani, usiitikise. Kipimo hakibadilishwi na wewe, wala Akko, wala mimi. Hata siku ukiogopa, andika ukweli: leo sikupima, leo nilimwaga nusu. Daktari anaweza kutibu kwa nambari mbaya. Kwa nambari ya kutunga hawezi.

Jana uliniandikia kwamba Ikra amesema nawe maneno mawili. Alitoka chumbani akiwa na begi la chuo, akamwangalia paka, akauliza, "Amedungwa?" Na wewe, umesema, ulibabaika kumjibu ingawa ulikuwa umemdunga.

Usibabaike. Atauliza tena kesho, na keshokutwa, pengine mwaka mzima, na ana haki. Kama umemdunga, mwambie ndiyo. Kama hujamdunga, mtazame usoni umwambie hapana, kisha umkabidhi yeye sindano.