Mtemi Juu ya Kioo

Tabata, Jumanne 9 Machi 1999

Sikuwahi kulifikiria jambo hili. Picha zote za kale tunazohifadhi hapa ofisini huwa nazilaza kifudifudi juu ya kioo cha skana, maana ndivyo mashine inavyozisoma na kuziingiza kwenye kompyuta.

Leo tulifika kwenye picha ya mtemi mwenyewe, chifu wa Wanyamwezi enzi hizo, ile iliyoliwa kona na mchwa. Bibi Nyamizi, mjukuu wake, aliyetuletea sanduku zima la nyaraka za utemi, akanishika mkono.

"Wewe kijana! Babu yangu unamlaza kifudifudi kama mwizi aliyepigwa?"

"Bibi, ni picha tu."

"Picha tu! Basi anza na ya baba yako, nione." Akaanza kufunga sanduku.

Niliogopa. Likirudi nyumbani kwake Segerea, chini ya kitanda chake, mchwa watamaliza kilichobaki. Nikamwomba amlaze yeye mwenyewe.

Akavua viatu, akamshusha taratibu kwa mikono miwili, akisema naye Kinyamwezi. Kifuniko cha mashine alikikataa. Akamfunika kwa kanga yake.

Mtemi alipotokea kwenye kompyuta, ameketi wima, macho mbele, bibi alipiga goti palepale sakafuni. Nami nikajikuta nimesimama.

Nimeipa picha namba na maelezo kama nyingine zote. Mwakani itawekwa kwenye Intaneti, aione yeyote popote alipo. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Huko nani atawaambia kwamba hapa watu hupiga goti?